Kuoka mikate kwa jua: mambo ya kujua kabla ya kununua oveni

Kama unaoka mikate au keki za kuuza Bugoye, Kasese au Bwera, unajua kinachokula faida yako. Si unga peke yake, ni kuni na makaa. Msitu wa karibu ni wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, na huwezi kuingia kukata kuni unavyotaka. Umeme unazalishwa hapo hapo Bugoye, megawati 13 kutoka mto Mubuku tangu 2009, lakini oveni ya umeme inamaliza Yaka upesi. Ndiyo maana wengi wanauliza kuhusu oveni ya jua. Inafaa, ila si kwa kila mtu wala kila mahali.

Inavyofanya kazi

Jua la mchana lisilo na wingu hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita 1 ya mraba, sawa na pasi moja ya umeme. Vioo hukusanya mwanga huo na kuutupa kwenye oveni. Joto jingi hupotea njiani, kwa hiyo ukipata nusu yake ndani, umefanya vizuri. Mkate unahitaji nyuzi 180 hadi 220, na vioo vidogo havifiki huko.

Kambini Kakuma, Kenya, shirika la Solar Cookers International lilianza mwaka 1995 kugawa majiko ya kadibodi yenye karatasi ya kung'aa. Yale ni ya kupikia chakula cha nyumbani, hayaoki mkate wa kuuza. Sanduku la mbao lenye kioo juu, ambalo seremala yeyote anaweza kulitengeneza, linaoka keki na skonzi chache polepole, lakini mkate hubaki mweupe. Ni zuri kwa kujifunzia.

Kwa biashara unahitaji vioo vingi vinavyoelekezwa mahali pamoja. Mjerumani Wolfgang Scheffler alijenga kioo chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri mwaka 1986, na kilitumika katika misheni moja kaskazini mwa Kenya. Siku hizi Lytefire ya Finland ina oveni za waokaji wadogo zenye fremu ya chuma na vioo bapa, ambazo fundi wa kuchomelea wa hapa anaweza kuzijenga na kuzitengeneza.

Jua la Kasese si jua la Bugoye

Mstari wa ikweta unapita wilayani kwetu, kwa hiyo jua halikosi nguvu. Kinachokosekana ni anga safi. Mji wa Kasese uko bondeni, ni mkavu na wa joto. Bugoye iko chini ya mlima, na mawingu hushuka mara nyingi mchana. Mvua huja Machi hadi Mei, tena Agosti hadi Novemba. Kabla ya kutoa hata shilingi, chukua daftari na kwa mwezi mzima uandike kila siku saa ambazo kivuli chako kinaonekana wazi. Kama siku nyingi hupati saa nne mfululizo, acha.

Utaoka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, lakini mteja anataka mkate saa moja asubuhi. Basi unaoka leo, unauza kesho. Wingu likija unga umeshaumuka, utaharibika. Usibomoe tanuri lako la kuni.

Na kama wateja wako ni wa mandazi na chapati, oveni haitakusaidia. Jaribu kwanza kuwauzia skonzi.

Mwanga unapokutana unaunguza nguo, mkono na macho. Ukimaliza, funika vioo kwa turubai, hasa penye watoto, na ufunge fremu isiangushwe na upepo.

Pesa na makubaliano

Tuseme unatumia shilingi 60,000 za kuni kwa wiki, na jua linakufaa siku 4 kati ya 6. Unaokoa 40,000, si 60,000. Oveni ya milioni 4 itakuchukua wiki 100 kuilipa, karibu miaka miwili, kabla ya kuhesabu kioo kilichovunjika. Mkopo wa miezi sita utakuumiza.

Wengi hununua kupitia kikundi cha kuweka na kukopa, wakimbizi na wenyeji pamoja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya biashara, ila leseni ya halmashauri inahitajika kama kwa mwingine yeyote. Ugomvi huanzia kwingine: mwenzenu akihamia Rwamwanja au akirudi Kongo, sehemu yake ni kiasi gani? Na oveni iliyojengewa saruji kwenye uwanja wa mtu ni ya nani akitaka uwanja wake? Andikeni yote mawili, mtie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1, kabla fundi hajachimba shimo la kwanza.