Ndege Aliyeigonga Ndege

Nilipokuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili, nilikuwa na sentensi moja ya kuwaamshia wanafunzi mchana wa joto: "Ndege aliigonga ndege." Nikiuliza nani kagonga nini, darasa linacheka kwanza, halafu linatulia. Yule wa kwanza ana uhai, yumo kwenye ngeli ya A-WA. Ya pili ni chuma, ipo I-ZI. Viambishi viwili vidogo tu vinakuambia nani ana damu na nini kina petroli. Nilichokuwa siwaambii ni kwamba sentensi ile sikuibuni. Ilitokea kweli, tarehe 10 Januari 1959, katika mbuga hizi hizi za Serengeti, na aliyekufa alikuwa kijana wa miaka 24.

Kwetu ni Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, upande wa Wangoreme. Tarime iko ng'ambo ya Mto Mara, hifadhi iko mashariki yetu. Nimekua nikisikia ndege ndogo angani mara nyingi kuliko nilivyosikia lori barabarani. Bibi yangu zote aliziita kwa jina moja: "ya askari." Haikumhusu kama imebeba watalii, daktari au mtafiti. Babu alikuwa mwindaji, kama wanaume wengi wa rika lake, na nyumbu walipofika upande wetu wakati wa kiangazi ilikuwa ndiyo sikukuu ya nyama. Halafu uwindaji ule ukaitwa ujangili. Ndege ikipita chini, bibi alisema, unatoa nyama kwenye kamba ya kuanikia na unaingia ndani, na mtoto akilia unamziba mdomo, kana kwamba rubani anasikia.

Basi nilipokuja kusoma kitabu cha Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, nilikisoma kwa macho mawili yasiyoelewana. Jicho moja la mpenzi wa vitabu, jingine la mjukuu wa mwanamke aliyekuwa anaingia ndani.

Hadithi yenyewe inajulikana, lakini tuipitie. Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa inataka kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi. Baba na mwana wakaamua kuwahesabu kutoka angani. Shida ni kwamba hawakuwa marubani. Wakajifunza. Mzee alikuwa na miaka 48, umri ambao kwetu mtu anafikiria kupanda miti ya kivuli. Mwishoni mwa 1957 wakaondoka Ujerumani kwa ndege yao wenyewe, Dornier Do 27 ya injini moja, iliyopakwa milia ya pundamilia kuanzia pua hadi mkia. Usajili wake ulikuwa D-ENTE. Neno Ente kwa Kijerumani ni bata, yaani pundamilia mwenye jina la bata.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wanaruka ukurasa huu kufuata simba. Inawezekanaje watu wawili wenye leseni mbichi za urubani binafsi wavuke Bahari ya Kati, Misri na Sudani, watue Afrika Mashariki na kuruka huku miezi na miezi? Jibu liko kwenye mkataba uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944. Mkataba ule uliruhusu ndege zisizo za ratiba kupita nchi za wanachama, na ukataka leseni inayotolewa na nchi moja ikubaliwe na nyingine, mradi imefuata viwango vya pamoja. Leo viwango hivyo kwa rubani wa burudani ni hivi: umri usiopungua miaka 17, cheti cha daktari, mtihani wa maandishi wa sheria, hali ya hewa, mitambo na ramani, na saa zisizopungua 40 angani. Katika hizo, saa 10 unaruka peke yako bila mwalimu, ikiwemo safari moja ya kilomita 270 ambayo ndani yake unatua kwenye viwanja viwili tofauti. Kwetu anayesimamia hayo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na nchi za Jumuiya zina chombo chao cha pamoja cha usalama wa anga chenye makao Entebbe.

Saa 40. Fundi cherehani kwetu anakaa na mwalimu wake zaidi ya hapo kabla hajaachiwa akate kitambaa cha mteja.

Na hiyo ndiyo hali iliyoboreshwa! Miaka ya 1930 leseni ya Uingereza ya rubani binafsi, waliyoiita leseni A, ilitaka saa 3 tu za kuruka peke yako. Ndiyo leseni ya kizazi cha akina Denys Finch Hatton na Beryl Markham, wale ambao fasihi imewapamba mpaka tumesahau kwamba walikuwa wanafunzi wa jana. Markham alifundishwa Nairobi na Tom Campbell Black, akapata leseni A mwaka 1931, lakini hakuishia hapo. Alisomea leseni B ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo, ambayo ilimtaka ajue injini kwa mikono yake, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, ambako alitua kwa kishindo tope likamshika. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka 1942, kikasahaulika, kikafufuliwa 1983. Kuna mabishano ya muda mrefu kama alikiandika mwenyewe au mumewe alishika kalamu. Mimi kinachonishika pale ni jinsi mwandishi anavyoiheshimu kazi ya mwalimu. Campbell Black kwenye kurasa zile hahubiri ushujaa. Anafundisha mtu kutoamini.

Ni Campbell Black huyo huyo, kwa maelezo ya Markham, aliyemsihi asipande na Finch Hatton kwenda Voi. Tarehe 14 Mei 1931 Finch Hatton alipaa kutoka Voi na Gipsy Moth yake, ikaanguka na kuwaka moto mara tu ilipopaa. Karen Blixen ameuandika msiba ule katika Out of Africa, na filamu ya 1985 ikaupeleka dunia nzima. Kila mtu anajua kaburi la Ngong Hills.

Ila ndani ya ndege ile walikuwemo watu wawili. Wa pili alikuwa Mkikuyu, mtumishi wa Finch Hatton, aliyeitwa Kamau. Huyo hana filamu. Nimewauliza marafiki kadhaa wanaokijua kitabu cha Blixen vizuri kuliko mimi nani mwingine alikufa Voi, na wengi wameniuliza, "Kwani kulikuwa na mwingine?" Ndiyo maana sheria za leseni, ukavu wake wote ule, zinanigusa kuliko nilivyotarajia. Hazijali umaridadi wa rubani. Zinamuuliza jambo moja: uliyempakia, ulimpakia kwa haki gani?

Hata Ernest Hemingway alikuwa abiria tu alipokaribia kufa Uganda, Januari 1954. Rubani wake, akikwepa kundi la ndege karibu na maporomoko ya Murchison, aligusa waya wa simu uliokwisha kutelekezwa, wakaangukia porini. Kesho yake wakapandishwa ndege nyingine kule Butiaba, nayo ikawaka moto kabla haijaacha ardhi. Magazeti yakamtangaza amekufa, naye akapata nafasi ya kusoma tanzia zake mwenyewe.

Turudi kwa Grzimek. Kazi yao ilikuwa kuruka chini, kwa mistari iliyolingana, kipande kwa kipande, macho yakihesabu. Walipata wanyama 366,980. Nyumbu peke yao, kwa hesabu yao, hawakufika 100,000. Miaka michache baadaye wengine walitumia picha za angani wakapata nyumbu zaidi ya 200,000, na leo, baada ya sotoka kuisha, wanazidi milioni. Kwa hiyo namba yao ilikuwa chini. Lakini walithibitisha lililokuwa la maana zaidi: makundi yalikuwa yanatoka nje ya mipaka iliyopendekezwa.

Gharama yake ni kwamba kuruka chini kunakunyang'anya muda. Rubani aliye juu, injini ikizima, ana dakika kadhaa za kuchagua pa kutua. Aliye chini ana sekunde. Asubuhi ile ya Januari Michael alikuwa peke yake. Tumbusi aligonga bawa la kulia, bawa likapinda, nyaya za usukani zikabanwa, ndege ikaenda chini. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Baba yake alimaliza kitabu, akamaliza filamu, na mwaka 1960 filamu ile ikapata tuzo ya Oscar. Mzee mwenyewe alifia Frankfurt mwaka 1987, akiwa sarakasi anatazama maonyesho ya simbamarara, na majivu yake yakaletwa yazikwe pembeni ya mwanawe.

Kitabu chao nakiona kikubwa, na sisemi hivyo kwa adabu ya msiba. Lakini wawindaji wa upande wetu wamo mle kama wezi wenye mitego ya waya, na Wamaasai wanajadiliwa kama suala la mifugo na maji. Walioona mbali kutoka juu hawakuona nyuso. Sijui kama nyuso zinaonekana kutoka huko, nikajiuliza hivyo miaka mingi, mpaka nilipopanda mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya siku tatu ya kuwatafsiria wageni vijijini. Mmoja wao alikuwa na Cessna yake ya viti vinne, akaniambia nikitaka atanizungusha asubuhi moja. Nikamuuliza nimlipe nini. Akacheka: "Mwalimu, ukinilipa unanipokonya leseni." Rubani binafsi haruhusiwi kupokea ujira kwa kumbeba mtu. Halafu akaniuliza uzito wangu. Nikapunguza kidogo. "Sema ukweli," akasema, "hapa hatuko harusini." Nikasema ukweli.

Nilidhani tutapanda tuondoke, kama pikipiki. Wapi! Alizunguka ile ndege kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Alipapasa mabawa, akatikisa vibao vya mkiani, akachungulia kwenye tundu za injini akitafuta viota, akakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo akaielekeza juani kuona kama yameingia maji. Kila kitu alikisoma kwenye karatasi, ingawa alikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kuruka. Nikamuuliza kwa nini hakukariri. Akasema anakikumbuka chote, ndiyo maana anasoma.

Tukaruka alfajiri. Alitaka tuwe tumeshatua kabla ya saa nne, kwa sababu saa hizo ardhi inapata joto, hewa inapanda, na matumbusi wanapanda nayo. Tumbusi hapigi mabawa kama kunguru. Anasubiri hewa ya moto imnyanyue, anazunguka ndani yake, kisha anateleza kilomita na kilomita hadi hewa nyingine. Aliyelieleza hilo vizuri ni Mwingereza Colin Pennycuick, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya utafiti Serengeti akiwa na ndege nyepesi yenye kuteleza hewani na kijiinjini cha msaada. Aliingia kwenye hewa ile ile ya moto, akazunguka katikati ya matumbusi, akipima. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell, aina hii hii inayotaga kwenye majabali yetu, aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye kimo cha mita 11,300. Sasa fikiria: kioo cha mbele cha ndege kubwa ya abiria kinatakiwa kihimili kugongwa na ndege wa kilo 1.8. Tumbusi wa kwetu anafika kilo 8. Kwenye Cessna ya viti vinne, kinga yako ni saa ya kuondoka na macho yako. Rubani akanipa kazi: "Ukiona kidoa cheusi mbele, usiwaze kama ni kitu au si kitu. Sema." Nikasema mara tatu. Mara moja kilikuwa tumbusi kweli. Akainua pua ya ndege, kwa sababu ndege wengi wakishtuka hujitupa chini, naye akapita chini yetu, shingo imekunjwa, wala hakututazama.

Wakati wa kurudi nikamwomba apite juu ya Kenyamonta. Akapita, ila kwa urefu ule alioutaka yeye, si niliotaka mimi. Nikaiona shule, nikaliona bati letu, nikamwona mwanamke uani ameweka mkono juu ya macho. Uso wake sikuuona. Nikapunga mkono.

Jioni nilifika nyumbani kwa bodaboda. Dada yangu alikuwa anachambua maharage. "Ile ndege ya asubuhi," akaniuliza, "ilikuwa ya askari?" Nikamwambia hapana, mimi nilikuwamo. Akanitazama, akatupa kokoto moja pembeni, akaendelea kuchambua.