Namba ya OB na historia ya kupima hatari

Haya wasomaji, leo hakuna msimbo wa kunakili. Leo nataka tuangalie hifadhidata moja ya zamani sana ambayo wengi wetu tumo ndani yake bila kujua.

Ukipoteza kitambulisho hapa Mai Mahiu, unaenda kituoni. Askari anafungua lile daftari kubwa, OB, anaandika maelezo yako, kisha anakupa namba. Siku moja nilikaa nikaitazama ile namba kwa jicho la programa. Mwanzo ni hesabu ya tukio kwa siku hiyo, kisha tarehe. Tuseme 23/14/3/2024: tukio la 23, tarehe 14 Machi 2024. Basi! Hakuna kitu ndani yake kinachomhusu mtu. Ng'ombe aliyepotea, lori lililoshindwa breki kwenye mteremko, mama aliyepigwa na mumewe, wote wanafuatana kwa saa waliyofika.

Kwa ng'ombe na lori, mpangilio huo unatosha kabisa. Kwa yule mama hautoshi, na ili tuone sababu inabidi twende Marekani kidogo.

Mwaka 1977 ilitoka ripoti kuhusu polisi wa Kansas City. Walichukua kesi za mauaji ya kifamilia, wakarudi nyuma miaka miwili kutafuta simu zilizopigwa polisi. Katika kesi 85 kati ya kila 100, polisi walikuwa wameitwa angalau mara moja. Katika nusu ya kesi, mara tano au zaidi. Na angalieni waliwezaje kujua: kumbukumbu za simu zile zilitafutwa kwa anwani ya nyumba. Kulikuwa na ufunguo wa kuunganisha tukio la leo na la mwaka jana. (Sasa niambieni anwani ya nyumba yenu hapa Mai Mahiu. "Nyuma ya posho mill, geti la bluu." Haya.)

Miaka hiyo hiyo muuguzi mmoja, Jacquelyn Campbell, alikuwa akisoma mafaili ya polisi ya mauaji ya wanawake mjini Dayton, Ohio. Mwaka 1985 akatengeneza karatasi ya kupima hatari, na jinsi alivyoianza ndiyo inanifurahisha mimi mtu wa data. Kabla ya swali lolote, mwanamke anapewa kalenda. Anaweka alama siku zote alizopigwa mwaka uliopita, na anaandika kipigo kilikuwa kikubwa kiasi gani. Halafu ndipo anaulizwa: je, mambo yanazidi kuwa mabaya? Katika majaribio ya kwanza, wanawake 38 kati ya kila 100 waliokuwa wamejibu hapana walibadilisha jibu baada ya kujaza kalenda. Yaani hata mwenye mwili wake hakuwa ameona mwelekeo mpaka matukio yalipopangwa pamoja, ya mtu mmoja, mahali pamoja. Sasa askari wa zamu ya usiku mwenye OB mbele yake ataonaje?

Baada ya kalenda yanakuja maswali ya ndiyo au hapana. Amewahi kukukaba koo? Ana bunduki? Amekutishia kukuua? Umemwacha karibuni? Anataka kujua kila unakokwenda? Utafiti wa Campbell na wenzake katika miji 11, uliotoka 2003, ulionyesha kwamba mwanamume mnyanyasaji akiwa na bunduki hatari ya mwanamke kuuawa huongezeka mara tano. Mwaka 2008 ukafuata wa kukabwa koo: zaidi ya mara saba. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama mwilini, kwa hiyo askari anayetafuta damu ataona mtu mzima kabisa na kumwambia, "Mama, hayo ni ya nyumbani, nendeni mkaelewane."

Polisi wenyewe wakaanza kuyatumia maswali ya aina hii. Ontario, Kanada, wakawa na yao 13 mwaka 2004. Maryland mwaka 2005 wakachagua 11, na askari anapiga simu kwa watoa msaada palepale. Uingereza walianza na 27 mwaka 2009, lakini mwaka 2019 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba alama zile hazikuwa zikiwatambua vizuri watakaoumizwa tena.

Uhispania ndio walioingiza kompyuta kikamilifu: VioGén, 2007. Askari anajaza majibu, mfumo unatoa kiwango cha hatari. Askari anaruhusiwa kukipandisha, kukishusha haruhusiwi. Ni kanuni nzuri sana. Lakini uchunguzi wa 2022 ulikuta kwamba karibu mara 95 katika 100 askari anaacha jibu la mashine kama lilivyo. Mwaka huohuo, karibu na Madrid, mwanamke aliyepewa "hatari ya chini" aliuawa na mumewe wiki saba baadaye.

Turudi nyumbani. Dawati la jinsia la kwanza lilifunguliwa kituo cha Kilimani, Nairobi, mwaka 2004. Mwaka 2015 tukapata sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, inayotambua hata kunyimwa pesa, kufuatwafuatwa na wakwe wanaoingilia, na mahakama inaweza kutoa amri ya kinga. Ni sheria pana. Lakini haikumpa askari orodha ya maswali wala kalenda. Na kwenye utafiti wa afya wa taifa wa 2022, wanawake 34 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu wafikishe miaka 15.

Mji wetu uko njia panda. Mwanamke akipigwa hapa anaandikisha hapa. Akikimbilia kwa dada yake Narok, akafuatwa, anaandikisha Narok. Akihamia Naivasha, daftari la tatu. Kila kituo kinamwona mgeni, na ripoti ya tano inasomeka kama ya kwanza.

Serikali imezungumzia OB ya kidijitali kwa miaka. Sawa, lakini ukihamishia kwenye skrini daftari lile lile lenye ufunguo ule ule wa tarehe, umenunua kompyuta tu. Kinachotakiwa ni jedwali la watu: mlalamikaji, mlalamikiwa, na matukio yao yote ya kila kituo. Halafu, jamani, lazima mfumo uandike kila askari aliyefungua rekodi ya nani na saa ngapi. Mume anaweza kuwa na binamu pale kaunta, na mwanamke aliyehamia Naivasha kimyakimya hatakiwi kupatikana kwa kubonyeza jina lake.