Walioujenga UKUTA: Washairi wa Njia ya Misafara



Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari, swali moja lilinirudia karibu kila nilipoanza mada ya ushairi. Mwanafunzi mmoja, Msukuma au Muha au Mnyamwezi, angenyoosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, haya mashairi si ya watu wa pwani?” Nyuma ya swali hilo palikuwa na jingine ambalo hakulitamka: je, mimi wa bara nina haki gani ya kuyatunga? Nimestaafu sasa, na ninaona swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile lililowezekana ndani ya kipindi cha dakika arobaini.

Chimbuko la ushairi wetu ulioandikwa ni pwani, na hilo halina ubishi. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Muyaka bin Haji aliifanya Mombasa izungumze kwa mashairi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Lakini chimbuko la mto si mto wote. Ninalouliza leo ni hili: nani waliouchukua ushairi huo wakaufanya kuwa mali ya Mtanganyika yeyote, wakauandikia sheria, wakauundia chama, wakaufikisha darasani? Ukiwatafuta watu hao kwa majina na kwa mahali walipozaliwa, utashangaa ni wangapi kati yao waliotoka kandokando ya ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Ugogo hadi Ujiji.

Mwaka huohuo wa utendi wa Mwana Kupona, yaani 1858, Burton na Speke walifika Ujiji, baada ya kupumzika hapa Unyanyembe, mahali walipopaita Kazeh. Hawakuifungua njia yoyote. Waliifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Iliondoka pwani Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaja Tabora ambako iligawanyika, tawi moja likielekea kaskazini na jingine likishuka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Manyema. Mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, zilipita pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya. Walipita pia watu waliofungwa minyororo. Hatuwezi kuisifu njia hiyo kana kwamba ilikuwa barabara ya maarifa tu. Kiswahili kilifika huku kikiwa lugha ya biashara, na sehemu ya biashara hiyo ilikuwa binadamu.

Hata hivyo, lugha haibaki mikononi mwa aliyeileta. Mpagazi wa Unyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi alirudi nayo, akaisema kwa lafudhi yake, akaiimbia nyimbo za safari, kirangozi akitangulia na wenzake wakiitikia. Ujiji ukawa mji wa watu waliochanganyika, Wajiji, Wamanyema, Wabwari na waungwana kutoka pwani, na watoto wao wakakua wakikisema Kiswahili nyumbani. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905, na sehemu kubwa ya habari hizo ni za bara. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo uleule. Wapagazi walitoweka, Kiswahili kikabaki.

Kilichobaki, hata hivyo, kilikuwa lugha ya sokoni, ofisini na msikitini. Ili mtu wa Ujiji na mtu wa Dodoma wawe washairi wa jumuiya moja, walihitaji mahali pa kukutana. Mahali hapo palikuwa karatasi. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la Mambo Leo, Dar es Salaam, kwa shabaha zake yenyewe. Wasomaji walilipa shabaha nyingine. Walipeleka mashairi. Mmoja aliuliza swali kwa beti, mwingine aliye mbali akamjibu kwa vina vilevile, wa tatu akawasahihisha wote wawili. Wengi walijificha nyuma ya majina ya kupanga. Karani wa posta, mwalimu wa shule ya kijijini na mwanafunzi walilumbana kwa miezi bila kuonana uso kwa uso. Shaaban Robert wa Tanga alikuwa miongoni mwa waliokuzwa na kurasa hizo. Na kwa kuwa gazeti lilisafiri kwa treni, mtu wa kituo kidogo cha reli alilisoma kama alivyolisoma mtu wa mjini.

Katika jumuiya hiyo ndimo walimotokea watu watatu ninaotaka tuwakumbuke.

Wa kwanza ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 na kusoma shule ya serikali hapa Tabora. Alikuwa Mwislamu wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo ilikuwa na kituo chake Tabora, na alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953. Mwaka uliofuata ulitoka mchango wake mkubwa kwetu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Baadaye alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria, hata watu wakatania kwamba aliyeyatungia mashairi sheria amepewa na sheria za nchi. Alifariki mwaka 1964, akiwa na miaka arobaini tu.

Kitabu hicho kimelaumiwa sana, nami nitaizungumzia lawama hiyo. Lakini kwanza tukisome kama kingesomwa mwaka 1954 na kijana wa Urambo. Kijana huyo hakuzaliwa katika nyumba ya malenga. Hakuwa na mjomba wa kumwambia kwa sikio tu kwamba mshororo huu umepungua. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa aliyajua hayo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Amri Abedi aliyaweka wazi kwa maandishi: vina vya kati na vya mwisho, mizani za kuhesabu, mishororo ya ubeti, na sharti kwamba shairi liimbike. Siri ya ukoo ikawa somo. Sheria, kwa mtu aliyezaliwa nje ya nyumba, ni ufunguo kabla ya kuwa kufuli.

Wa pili ni Saadani Abdu Kandoro, naye wa Ujiji, aliyezaliwa mwaka 1926. Huyu alikuwa mwanasiasa na mshairi kwa pumzi moja. Alifanya kazi ya Chama cha Waafrika katika Jimbo la Ziwa, na mwezi Julai 1954 alikuwa mmoja wa watu kumi na saba waliokutana Dar es Salaam na kuunda TANU. Aliandika historia ya harakati hizo katika Mwito wa Uhuru, mwaka 1961, na diwani yake, Mashairi ya Saadani, ilitoka mwaka 1972. Kwa Kandoro ushairi ulikuwa mkutano wa hadhara. Beti inayokaa kichwani ilikuwa silaha nzuri mahali ambapo wengi hawakuweza kusoma na mikutano ilihitaji kibali.

Wa tatu ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917. Alikuwa Mkristo Mkatoliki, mwalimu, karani, kisha hakimu. Lugha yake ya mama ilikuwa Kigogo. Aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo; akaandika Diwani ya Mnyampala; akautia Injili katika umbo la utenzi, umbo ambalo kwa karne mbili lilikuwa limezoea habari za Mtume na maswahaba. Tafakarini jambo hilo. Mgogo Mkatoliki alichukua bahari ya watu wa pwani Waislamu, akaogelea humo bila kuomba radhi.

Mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya mkutano mkuu wa TANU uliofanyika hapa Tabora, mambo hayo yaliyokuwa yakielea gazetini yalipata nyumba. Kikaundwa Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, UKUTA. Amri Abedi alikuwa miongoni mwa nguzo zake za mwanzo, na Mnyampala akaja kuwa mwenyekiti wake. Mwahmadiyya wa Ujiji na Mkatoliki wa Ugogo waliketi meza moja na washairi wa Tanga na wa Dar es Salaam, na kilichowaunganisha hakikuwa kabila wala dini, bali vina na mizani. Leo tunapoona watu wakitengana kwa mambo madogo kuliko hayo, inafaa tukumbuke kwamba jambo hilo lilifanyika.

Kisha likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, na ambaye mwenyewe alimtafsiri Shakespeare, aliwaita washairi akawaomba waifikishe siasa mpya kwa wananchi. Mnyampala alijibu kwa ngonjera: shairi la majibizano, asiyejua akibishana na anayejua mpaka wakubaliane. Alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa baada yake, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971.

Mimi ni mtoto wa ngonjera hizo. Tulizighani shule ya msingi, miguu peku, mbele ya wazazi na wageni waheshimiwa, na hata sasa baadhi ya wenzangu wa rika lile wanaweza kukupa zamu zao bila kukosea. Ndizo zilizomfanya mtoto wa mkulima wa tumbaku ajue kwa mdomo wake mwenyewe uzito wa mizani nane kwa nane kabla hajasikia neno “mizani”. Lakini kweli isemwe yote. Katika ngonjera asiyejua hashindi kamwe. Mwisho wake unajulikana kabla ya ubeti wa pili. Malumbano ya Mambo Leo hayakuwa hivyo. Mle ndani mtu aliweza kushindwa kweli. Chama kilipokaa karibu sana na serikali kilipata majukwaa na vitabu, kikapoteza kitu fulani cha ule ubishi wa zamani.

Ndipo lilipozuka la miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabu. Mwaka 1976 Kahigi na Mulokozi wakatoa diwani yao yenye jina linalosema mengi, Malenga wa Bara. Wanamapokeo walikasirika, wakasema hayo si mashairi bali nathari iliyokatwakatwa. Jina la chama likaanza kuchezewa: UKUTA umekuwa ukuta kweli. Wapo waliouona ugomvi huo kuwa wa pwani dhidi ya bara, nami siwezi kukubaliana nao nikiwatazama Amri, Kandoro na Mnyampala. Huu ulikuwa pia ugomvi wa watu wa bara wao kwa wao. Kizazi cha kwanza kilikuwa kimetoka jasho kuthibitisha kwamba kinaweza kutunga kama mtu wa Mombasa. Kizazi cha pili, kilichosoma chuo kikuu, hakikuwa na haja ya kuthibitisha hilo kwa mtu yeyote. Aliyetoka jasho kuupata ufunguo hafurahi kumwona kijana akiingia kwa dirishani.

Nafikiri kila upande ulikuwa na haki yake, lakini ninawaomba vijana wa mashairi huru wasiwasimange wazee wale kuwa walinzi wa lango. Lango hilo hawakulirithi. Walilitengeneza, na walilitengeneza kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamesimama nje.

Nami nina ombi kwenu mnaosoma ukurasa huu, hasa mlioko Tabora, Urambo, Kigoma na Ujiji. Vitabu vya hao watatu, ijapokuwa adimu, vimo maktabani. Lakini jumuiya haikuwa watu watatu. Walikuwapo walimu, makarani wa reli, maimamu na makatekista waliotunga na kujibizana, ambao beti zao zilibaki katika madaftari, chini ya vitanda na ndani ya masanduku ya bati. Mchwa wa Unyamwezi hawachagui kati ya shairi na risiti. Kama babu yako au bibi yako alikuwa mtunzi, lifungue sanduku kabla ya masika. Nakili kwa mkono, au piga picha kila ukurasa, andika jina lake halisi kando ya jina la kupanga, andika mwaka ukiujua, na umuulize aliye hai ni nani aliyekuwa akijibizana naye.

Yule mwanafunzi wangu aliyenyoosha mkono huenda ni mjukuu wa mmoja wao, wala hana habari.