Ngozi ya Kondoo Kwenye Kiti cha Dere

Dereva wa matatu, mara nyingi, si mwenye gari. Gari ni la tajiri, na tajiri mwenyewe pengine ana deni la benki. Jina lililoandikwa ubavuni ni la sacco. Mstari wa manjano ni wa serikali. Dere ana leseni yake mfukoni na hesabu ya kufikisha jioni, basi. Lakini siku moja panda mbele, kando yake, kwenye gari linalotoka Nakuru alfajiri kwenda Molo au Eldoret, halafu uangalie amekalia nini. Si ajabu ukaona ngozi ya kondoo, sufu ikiwa juu, imetandazwa tu kwenye kiti au imeshikwa nyuma na kipande cha lastiki. Haina nati wala skrubu. Akipigwa kalamu saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja ameshaivuta, ameikunja, ameitia kwapani na kushuka. Gari limebaki na kila kitu isipokuwa hiyo.

Vitu vya kupamba gari ndani bila kumwita fundi vimejaa mjini. Kuna kava za usukani, mikeka ya dashibodi yenye manyoya ya plastiki, vishikio vya simu vya sumaku, bendera ndogo za shanga za kuning'iniza kwenye kioo. Vingi vimetoka China kwa kontena na havina habari yoyote na Bonde la Ufa. Ngozi ya kondoo ni hadithi nyingine. Ukiifuata nyuma inakupeleka kwenye ardhi, na hapa kwetu ukishafika kwenye ardhi umefika kwenye kila kitu.

Tuanze kabla ya gari. Watu wa bonde hili walijua kukalia na kulalia ngozi zamani sana. Wamaasai, Wakalenjin na Wakikuyu walizitandika kitandani, wakazilainisha kwa mafuta na kuzivaa. Ilikuwa mali ya kubebeka: ukihama unaikunja, ukifika unaitandaza. Ila kondoo wa wakati huo hakuwa na sufu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi kama za mbuzi, ana mafuta mkiani, na anavumilia minyoo inayoua kondoo wa kigeni, jambo ambalo wanasayansi wa mifugo hapa Kenya wamelitafiti kwa miaka mingi. Ngozi yake ni nzuri, lakini si ile ya kuzamisha vidole mpaka visionekane. Ile ililetwa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiwa imekatiza katikati ya malisho ya Wamaasai kupitia Naivasha na Nakuru. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikafanya mkataba na Olonana na viongozi wengine, na Wamaasai wakatakiwa waondoke bondeni, wengine waende kaskazini Laikipia, wengine kusini. Waliambiwa makazi hayo mapya ni yao maadamu wapo kama kabila. Miaka 7 baadaye, mwaka 1911, ukaja mkataba wa pili: watokeni na Laikipia pia. Walienda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa, kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa nchi mbili na mahakama ya kikoloni haina uwezo wa kuuamua. Nchi mbili! Wakati mmoja kati ya wenye hizo nchi anafukuzwa na ng'ombe zake barabarani.

Malisho yalipoachwa wazi, sufu ikaingia. Mwaka 1903 Lord Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 pale Njoro kwa mkataba wa miaka 99, shamba aliloliita Equator Ranch. Wazo lake lilikuwa rahisi. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na njaa ya sufu, Australia na New Zealand zilikuwa zimetajirika kwa kondoo, na Njoro kuna nyasi, kuna baridi, kuna reli. Akaagiza kondoo aina ya merino kutoka ng'ambo na kuwachanganya na wale wa Kimaasai.

Nyasi za Njoro zilikuwa za kijani, ndefu, za kupendeza macho. Wengi wa merino hao wakafa. Mnyama anakula anashiba lakini anakonda, anapungukiwa damu, anasimama tu na kichwa chini mpaka anaanguka. Wamaasai, wanasema walioandika habari za Delamere, hawakupenda kulisha mifugo yao sehemu ile hata kabla hajafika, naye aliona nyasi bila kuuliza kwa nini hakuna mtu. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa volkano wa sehemu hizi umepungukiwa na madini, hasa kobalti, ambayo ng'ombe na kondoo wanaihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini wasipoipata hawaishi. Ugonjwa wenyewe vitabu vya udaktari wa mifugo viliupa jina Nakuruitis. Mji wangu una ziwa, una flamingo, tangu 2021 una hadhi ya jiji, na una ugonjwa wa kondoo ulioitwa kwa jina lake. Sijui kwa nini hatuuringii zaidi.

Delamere hakufa moyo. Alihamishia mifugo yake Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, ambako walistawi zaidi, na akaajiri wachungaji Wamaasai kuwatunza. Hebu rudia sentensi hiyo polepole. Waliohamishwa ili kondoo wa sufu wapate malisho walirudi kwenye malisho yaleyale kama waajiriwa wa kuwachunga kondoo hao. Walijua kila kitu kuhusu shamba isipokuwa namna ya kulimiliki.

Walowezi wengine walifuata, na kondoo wa sufu wakaenea nchi za juu zenye baridi: Kinangop, Molo, Mau Narok. Baada ya 1962 serikali ilinunua mashamba mengi ya walowezi na kuyagawa, ule mpango wa ekari milioni moja, na kondoo wengine wakaingia kwenye shamba za watu wadogo pamoja na viazi na ng'ombe wa maziwa. Aina ya corriedale ilipendwa kwa sababu inatoa sufu na nyama. Lakini sufu yenyewe ilikuwa inakufa taratibu. Nailoni na akriliki zilishusha bei dunia nzima, na kumkata kondoo manyoya kukawa kazi yenye malipo kidogo. Nyama ya kondoo ya Molo ndiyo iliyobaki na jina. Kwa hiyo mnyama aliyeletwa kutoka upande wa pili wa dunia kwa ajili ya sufu akawa anachinjwa kwa ajili ya mbavu, na sufu ikabaki juu ya ngozi, kitu cha ziada kwenye meza ya mchinjaji.

Hapo ndipo ngozi ikapata njia yake ya kufika kwenye gari.

Ngozi mbichi haisubiri. Inapigwa chumvi siku hiyohiyo, la sivyo manyoya yanang'oka yenyewe. Halafu inaoshwa kwa sabuni, inakwanguliwa mafuta na nyama upande wa ndani, inatiwa dawa. Viwanda vina dawa zao za kisasa. Mtu wa nyuma ya nyumba anaweza kutumia shabu na chumvi, au maganda ya muwati, mti ambao nchi za juu zimeupanda kwa ajili hiyo kwa miongo mingi hadi Eldoret kukawa na kiwanda cha kukamua dawa yake. Inawambwa kwenye fremu ikauke ikiwa imenyooka, inasuguliwa mpaka ilainike, na mwishowe inachanwa kama nywele. Ngozi iliyofanywa kwa haraka utaijua kwa pua ukifunga madirisha, hasa mvua ikinyesha.

Soko lake likawa barabara. Ukitoka Nairobi, pale ambapo nchi inakatika ghafla na unaliona Bonde lote chini yako, utazikuta zimetundikwa kandokando, nyeupe, kahawia, nyeusi, na kofia za manyoya juu yake. Barabara ya chini, ya kuteremkia Mai Mahiu, ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kikanisa chao kidogo cha 1942 bado kipo palepale ukingoni. Mtalii hununua ngozi ya kuweka sakafuni. Dere hununua ya kukalia. Bei wanazoambiwa si moja.

Magari ya wakati huo yaliihitaji kweli. Kwa miaka mingi safari za Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu zilikuwa za Peugeot, 404 kisha 504 station wagon, zile za kubana watu safu tatu. Wakenya waliiamini Peugeot kwa sababu waliiona ikishinda Safari Rally: 404 mara 4 kati ya 1963 na 1968, halafu 504 mwaka 1975 na 1978. Viti vya nyingi vilikuwa vya plastiki ya kuiga ngozi. Sasa fikiria njia yenyewe. Unapita Naivasha saa nane mchana, jua limekichoma kiti mpaka kinanata kwenye suruali. Saa chache baadaye uko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na plastiki ileile ni barafu. Sufu inayaweza yote mawili. Nyuzi zake zimejikunja na kushika hewa katikati, hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi na joto, na inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Hospitali ng'ambo huwalaza wagonjwa juu ya ngozi kama hizi wasipate vidonda vya mgongo. Dere wa masafa marefu si mgonjwa, lakini anakaa kuliko mgonjwa.

Marekani na Australia kava za ngozi ya kondoo zilikuwa fasheni kubwa miaka ya 1970 na 1980, zimeshonwa kufuata umbo la kiti, mbele na nyuma. Huku zilibaki ngozi nzima, na miguu yake minne inaonekana. Watu husema ni kwa sababu ya umaskini. Mimi nadhani kuna sababu nyingine, nayo ni sheria ya gari la mtu mwingine.

Angalia jinsi serikali ilivyoshughulika na matatu. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi. Mwaka 1984 sheria ikaja na leseni na ukaguzi. Halafu John Michuki: kanuni za 2003, zilizoanza kung'ata Februari 2004. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwenye kila kiti, mstari wa manjano, sare za wafanyakazi, Nissan kutoka abiria 18 hadi 14. Kila agizo lilihusu kitu kinachofungwa, kinachochomelewa au kinachopakwa, na kila kimoja kilikuwa gharama na mali ya tajiri. Dere alipewa sare. Kiti hakikumhusu kwa sababu si chake, ingawa ni yeye anayekikalia saa 14 kwa siku. Hawezi kutoboa tundu kwenye gari la mwenyewe. Hawezi kubadilisha sponji iliyobonyea akamletea tajiri risiti, atacheka. Kitu anachoweza kufanya ni kuweka juu yake kitu ambacho kesho kinaondoka naye.

Ndiyo maana naona ngozi ile ina undugu na mchungaji wa Soysambu kuliko na fasheni ya California. Wote wawili wanaendesha mali ya mtu kwa ustadi ambao mwenye mali hana. Wote wanajua wanaweza kuambiwa waondoke kabla ya chakula cha mchana. Na squad, yule dere wa akiba anayepewa trip moja au mbili mwenzake akipumzika, hata ngozi hana. Anakalia ya mwenzake, au akikuta imeondolewa anakalia sponji.

Kwenye magari ya kibinafsi mambo yamebadilika. Probox na Demio zinazotoka Japani zina viti vya kitambaa, na nyingine zina begi za hewa ubavuni mwa kiti, ambazo kava iliyobana inaweza kuzizuia kufunguka ajali ikitokea. Ngozi iliyotandazwa tu bila kufunika ubavu ni salama zaidi kuliko kava iliyoshonwa ikakaza, jambo ambalo wauza kava hawatakwambia. Na sufu yenyewe inapungua. Wafugaji wengi wamehamia dorper, kondoo wa nyama aliyetoka Afrika Kusini, ambaye manyoya yake hupukutika yenyewe. Mzunguko umekaribia kurudi kwa yule mwekundu mwenye nywele fupi.

Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, itakayokuwa ya kulipia. Anayeijua foleni ya Gilgil siku ya Krismasi hatalia. Lakini mwenye kuuza ngozi anategemea gari linaloweza kusimama ghafla kwa sababu mtu ameona kitu kizuri, na barabara ya kulipia inataka gari lipite. Wauzaji hawa wengi wamejenga kwa miti na mabati kwenye ardhi ya barabara, na wanajua hivyo. Ngozi zimetundikwa kwenye waya uliofungwa miti miwili. Jioni zinaondolewa moja moja, zinakunjwa sufu ndani, zinafungwa mafungu ya kumi kumi, na waya wenyewe unafunguliwa na kuviringishwa.