Miaka Thelathini ya Kutouliza: Historia Fupi ya Bima ya Gari Nchini

Katika miaka yangu ya uwakala wa bima pale Gerezani, jirani na maduka ya vipuri, nimezoea jambo moja: wateja wengi huuliza bei kabla hawajaketi, na wakishapata bima hawaulizi tena kitu. Vijana ninaofanya nao kazi husema ni uvivu wa kusoma mkataba. Mimi nasema ni historia. Mtanzania alilazimishwa kuikatia gari lake bima miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuichagua, na mazoea ya wakati ule bado anayo.

Chanzo tukitafute Uingereza. Sheria yao ya barabara ya 1930 ilimtaka kila mwenye gari, kuanzia 1931, awe na bima ya kumlipa mtu atakayemuua au kumjeruhi barabarani. Shida ilikuwa wazi: aliyegongwa aliweza kushinda kesi mahakamani, kisha akaambulia patupu kwa kuwa dereva hakuwa na kitu. Ndiyo maana sheria ile ilimwangalia aliyegongwa tu. Gari la mgongaji, hata lingeteketea lote, lilikuwa shauri lake mwenyewe.

Makoloni yakatungiwa sheria za mfano huohuo. Tanganyika ilipata ya kwake, na mpaka leo imo vitabuni kama Sura ya 169. Hiyo ndiyo mama wa bima tunayoiita ndogo, yaani ya mtu wa tatu. Wenye magari enzi hizo walikuwa wachache: maofisa, mabwana wa mkonge, matajiri wa mjini. Kampuni nyingi za bima zilikuwa za Waingereza, zikiwakilishwa na nyumba za biashara. Jubilee, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1937, ilikuwa miongoni mwa chache zilizozaliwa huku kwetu.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, likaundwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967. Mabenki yakataifishwa, na mwezi huohuo biashara ya bima nayo ikawekwa mikononi mwa umma. Zanzibar ilianzisha shirika lake mwaka 1969. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka thelathini, mwenye gari wa Bara alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha.

Nawakumbusha vijana wangu maana ya jambo hilo. Hapakuwa na cha kulinganisha. Ulipeleka kadi ya gari, ukaambiwa ada, ukalipa, ukabandika stika kwenye kioo cha mbele ili trafiki aione. Kama ulikuwa na Peugeot 504 na uwezo kidogo, ulikata bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe. Kama huna, ndogo. Shirika lenyewe lilijulikana hadi kwenye kumbi za dansi, maana lilikuwa na bendi yake, Bima Lee, na mtindo wake wa Magnet Tingisha. Nina hakika wapo watu wa rika langu walioyajua matoleo ya bendi hiyo vizuri kuliko masharti ya bima zao. Siwalaumu. Masharti yanasomwa na mtu mwenye pengine pa kwenda.

Mambo yalianza kubadilika barabarani kabla ya kubadilika ofisini. Mwaka 1983 daladala za watu binafsi ziliruhusiwa rasmi Dar es Salaam. Biashara ilipolegezwa, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, na mwalimu au muuza duka akaweza kumiliki Corolla. Sheria ya bima ya 1996 ndiyo iliyovunja ukiritimba. Mwaka 1998 kampuni binafsi zikaanza kazi, Jubilee ikiwamo, ikirejea soko ililoondolewa mwaka 1967.

Hapo ndipo biashara kama yangu ilipozaliwa, na hapo ndipo mazoea ya kale yalipotuponza. Mteja aliyekua akijua bima ni stika alipewa kampuni nyingi za kuchagua, akachagua kwa kigezo pekee alichokijua: stika ya nani ni rahisi? Kampuni zikashushiana bei. Matapeli nao wakaelewa kwamba kama mtu ananunua stika tu, basi stika ya bandia inamtosha. Wapo waliogundua siku ya ajali kwamba walichobandika kiliishia kwenye mashine ya kuchapia na hakikuwahi kufika kampuni yoyote.

Sheria ya 2009 ilileta TIRA, mamlaka inayosimamia bima, pamoja na ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima. TIRA iliweka viwango ambavyo kampuni haziruhusiwi kushuka chini yake. Kuanzia 2021 stika za karatasi zikaachwa. Sasa bima yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA MIS, na trafiki anaiangalia kwa simu.

Wenzetu wa Kenya walipita njia nyingine. Soko lao halikufungwa kama letu, na wenye matatu walizoea zamani kutafuta kampuni ya bei ya chini. Matokeo yake yameandikwa: United Insurance mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, zote ziliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kushindwa kubeba madai. Aliyelipa kidogo alibaki na cheti cha kampuni isiyoweza kumlipa mtu. Sisi tuliokosa cha kuchagua na wao waliochagua kwa bei tumefika kwenye somo lilelile: bei peke yake haimpimi mtu bima.

Hebu tuchukue hesabu ninazoandika kila siku. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000, na VAT inaifikisha 118,000. Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 15 linatoa ada ya 525,000, na kwa VAT inakuwa 619,500. Katikati ipo ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Kwa kuwa viwango vya chini vimewekwa, kampuni tatu zinaweza kukupa bei zinazokaribiana sana. Mteja anayebembeleza gari la milioni 15 liandikwe milioni 10 ataokoa 206,500. Lakini kama mkataba una kifungu cha wastani, kinachopunguza fidia kwa uwiano uleule ambao thamani iliandikwa pungufu, matengenezo ya milioni 3 atalipiwa milioni 2, na bado eksesi, yaani sehemu ya hasara anayojilipia mwenyewe, haijakatwa.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza ipi rahisi, namwekea karatasi za kampuni zote mezani na kumwonyesha mistari ya chini. Eksesi ni kiasi gani? Gari linatengenezwa gereji ya nani? Mafuriko yamo? Dereva wako mpya asiye na uzoefu amekubaliwa? Na madai ya mwaka jana waliyalipa baada ya muda gani? Wengine hukasirika kwamba nawachelewesha. Nawavumilia, kwa sababu maswali haya yalistahili kuulizwa tangu 1998. Soko lilifunguliwa kwa sheria, na sheria ikitungwa leo kesho inafanya kazi. Mnunuzi anayejua anachonunua hutengenezwa mmoja mmoja, mezani, na kazi hiyo hakuna Bunge litakalotusaidia kuimaliza.