Pelourinho, Salvador ya Brazili: wapi kula, na nani anakupikia

Pelourinho ni kartiye ya zamani ya muji wa Salvador, makao makuu ya jimbo la Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wareno walianzisha muji huo mwaka 1549, na ulikuwa mji mkuu wa koloni lote mpaka 1763. Tangu 1985 kartiye hii iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watalii wanaijia juu ya makanisa yake, nyumba za rangi na ngoma za kundi Olodum. Lakini mtu wa Kindu, Beni ao Uvira akifika pale, kitu atakachotambua bila kuelezwa ni harufu ya mafuta ya mawese yanayochemka kando ya barabara.

Jina lenyewe haliko la furaha. Kwa Kireno, pelourinho ni nguzo ya kufungia watu na kuwachapa fimbo mbele ya wote. Watumwa waliletwa Bahia kutoka Kongo, Angola, na pwani ya Benin na Nigeria za leo. Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888 tu. Chakula kinachosifiwa leo kimetoka kwa watu hao.

Kwanza, kwa mama wa barabarani

Usianze na resto. Anza na meza ya baiana, ndiyo mama aliyevaa sketi pana nyeupe, kitambaa kichwani na shanga shingoni. Wengi wanapanga meza kuanzia mchana mpaka usiku, na uwanja wa Terreiro de Jesus ni mahali pazuri pa kuwatafuta.

Wanauza acarajé. Kunde zinalowekwa, zinatolewa maganda, zinasagwa na kitunguu, zinapigwa sana na mwiko, kisha zinakaangwa mu mawese kama mikate yetu ya asubuhi. Mama anaupasua mkate kati na kuutia vatapá (mchanganyiko mzito wa mkate, karanga, tui la nazi, kamba wakavu wa baharini na mawese), caruru ya dongodongo, na nyanya. Akikuuliza kama unataka "quente", anauliza juu ya pilipili, si juu ya moto. Ukisema ndiyo, usije kulia!

Kama hupendi vya kukaanga, omba abará: ni kunde zilezile, ila zinafungwa mu majani ya ndizi na kuiva kwa mvuke, sawa vile tunafunga liboke.

Kazi iliyopiganiwa

Wakati wa utumwa, wanawake watumwa walitumwa kuuza chakula barabarani. Sehemu ya pesa ilienda kwa bwana, na kile kidogo kilichobaki kiliwasaidia wengine kununua uhuru wao. Acarajé pia ni chakula cha Iansã mu dini ya Candomblé. Mwaka 2005 serikali ya Brazili iliandika kazi ya baiana kuwa urithi wa taifa.

Hata hivyo, mbele ya Kombe la Dunia la 2014, kanuni za FIFA zilikuwa zinawazuia kuuza kwenye uwanja wa mpira wa Fonte Nova. Wamama walipinga, sahihi zikakusanywa, na mwishowe baadhi yao wakaruhusiwa kuuza pale.

Ukitaka kukaa mezani

Kwenye Largo do Pelourinho, taasisi ya mafunzo ya Senac imejulikana kwa mgahawa-shule wake, ambapo vijana wanajifunza kazi ya jikoni na kuhudumia wageni. Unajipakulia mwenyewe, na unaweza kuonja vyakula vingi vya Bahia mara moja. Kwa mgeni asiyejua majina, hiyo ndiyo njia rahisi.

Kwenye migahawa mingine, omba moqueca: samaki ao kamba, nyanya, kitunguu, tui la nazi na mawese, mu chungu cha udongo. Inakuja na wali, farofa (unga wa muhogo uliokaangwa) na pirão, yaani unga wa muhogo uliosongwa laini mu supu ya samaki, ndugu wa fufu yetu. Uliza mbele ya kuagiza, juu chungu kimoja mara nyingi kinatosha watu wawili. Mawese pale yanaitwa dendê, neno lililotoka Kimbundu cha Angola.

Kwa kinywaji, bar O Cravinho, kwenye Terreiro de Jesus, inajulikana kwa pombe ya miwa iliyolowekwa karafuu. Kwa barafu tamu za matunda, nenda A Cubana, karibu na lifti kubwa ya Lacerda inayoshuka mpaka muji wa chini.

Siku za kukumbuka

- Ijumaa: siku ya chakula cha mawese kwenye nyumba na migahawa mingi.
- 27 Septemba: caruru ya Cosme na Damião. Watoto saba wanakula wa kwanza.
- 4 Desemba: sikukuu ya Santa Bárbara. Watu wanavaa nyekundu, misa inafanyika kwenye kanisa la Rosário dos Pretos, lililojengwa na Weusi wenyewe.

Angalisho

Mawese, karanga na kamba viko karibu kila mahali. Mwenye mzio aulize kwanza. Usiku, bakia kwenye barabara zenye mwanga na watu.

Neno la mwisho ni juu ya pesa yako. Mu miaka ya 1990 serikali ilipotengeneza upya kartiye, jamaa nyingi maskini, wengi wao Weusi, ziliondolewa, na nyumba zao zikageuka maduka na migahawa ya watalii. Kwa hiyo, ukinunua acarajé moja kwa mama wa meza, pesa inaingia mkononi mwa yule ambaye bibi zake waliweka chakula hiki hai, na bado anatafuta nafasi ya kukiuza pale pale.