Laikipia: mkataba uliodumu miaka saba

Agosti 10, 1904, Olonana, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, pamoja na wazee wenzake, waliweka alama zao kwenye karatasi ya Kamishna wa serikali ya Kiingereza, Sir Donald Stewart. Iliandikwa humo kwamba Wamaasai wameamua kwa hiari yao kuhama Bonde la Ufa na kukaa mbali na reli, sehemu mbili: Laikipia upande wa kaskazini, na kusini kuanzia Ngong. Hiari gani hiyo? Sotoka ilikwisha kufyeka ng'ombe wao miaka ya 1890, ndui ikafuatia, na masetla walikuwa wanaimezea mate Naivasha.

Ila wazee wale hawakuburuzwa tu. Mkataba uliwaachia njia ya upana wa nusu maili ya kuunganisha sehemu zao mbili. Uliwaachia pia maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara, mahali penyewe paonyeshwe na Legalishu, mmoja wa wazee hao, na mwenzake. Kipengele hiki, kwa maoni yangu, hakikutoka kichwani mwa karani wa Kizungu. Anayedai uwanja wa tohara anawaza rika ambalo halijazaliwa bado. Serikali nayo ikaahidi kwamba makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

Yalidumu miaka saba. Aprili 1911, Olonana akiwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, ukaletwa mkataba wa pili: Wamaasai wa Laikipia nao wahamie kusini. Masetla walikuwa wameziona na nyasi za Laikipia. Safari ya kwanza iliwakuta na mvua na baridi milimani Mau, mifugo ikafa, serikali ikalazimika kuisimamisha.

Legalishu, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, na watu wake hawakushika mikuki. Walishika mawakili. Mwaka 1913 kesi yao dhidi ya serikali ikasikilizwa, wakidai kwamba mkataba wa 1904 ungali hai, na kwamba waliotia saini ule wa pili hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wa Laikipia.

Mahakama haikufika hata kwenye madai hayo. Ilisema nchi hii ni himaya tu, kwa hiyo Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni wageni waliofanya naye mkataba, na mkataba wa namna hiyo hauamuliwi na mahakama za hapa. Wageni, tena Laikipia! Walipewa hadhi ya taifa siku ile ile ilipofaa kuwafungia mlango. Rufaa yao ikatupwa Desemba mwaka huo huo.

Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi, na huko Laikipia, nchi waliyohamishwa, wengine wakaingiza ng'ombe kwenye mashamba makubwa. Polisi wakafyatua risasi. Mzee mmoja akauawa. Wengi wa waandamanaji walisema muda wa kukodisha ardhi, miaka 99, umekwisha. Miaka hiyo haimo kwenye mkataba wa 1904. Kilichomo ni ile ahadi ya maadamu wapo.